Direila ya mbele: iache baiskeli ichague

Mtu akitaka direila mpya ya mbele, yaani kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia za mbele, kwa baiskeli yake ya milimani, swali linalomtoka kwanza ni ipi nzuri. Achukue Deore au apande hadi XT, ngazi mbili za kampuni ya Shimano? Achukue Shimano au mshindani wake SRAM? Msimamo wangu ni kwamba swali hilo lisubiri mpaka mwisho kabisa, na zamu yake ikifika, mara nyingi utakuta limeshapoteza uzito. Direila ya nyuma haina mambo mengi: inaning'inia kwenye sikio lake, kipande cha fremu karibu na gurudumu la nyuma, na ukishajua ni ya gia ngapi na inavutwa na shifta gani (kidude cha kubadilishia gia kwenye usukani), umekaribia kumaliza. Ya mbele inabanwa kwenye fremu, inatazamana na kranki (mikono ya pedeli pamoja na gia za mbele), inavutwa na shifta na inapitisha cheni katikati yake. Vyote vinne vina usemi. Kimoja kikikataa, hata XTR, ngazi ya juu kabisa ya Shimano, itasugua, itaangusha cheni, au haitafungika kabisa.

Lakini kwanza hakikisha kweli imekufa. Kinachougua mara nyingi ni waya. Legeza bolti inayoshika waya, kisha isukume direila kwa kidole gumba kuelekea nje. Ikienda kwa ulaini na kurudi yenyewe kwa nguvu mara unapoiachia, basi ni nzima, na tatizo lako liko kwenye waya uliosagika au ganda lake lililojaa tope na kutu. Ikikwama katikati, pini zake zimeshika uchafu. Tone la mafuta mepesi na kuichezesha huku na huku vinaweza kuifufua. Kufa kwenyewe kuna dalili zake. Shika mkia wa yale mabati mawili yanayoikumbatia cheni, uutikise: ukilegalega kwenye pini ilhali bolti zote zimekazwa, direila hiyo haitasimama tena mahali pamoja. Halafu chungulia uso wa bati la ndani, lile linalosukuma cheni kupanda gia kubwa. Bati lililochoka lina mfereji unaong'aa uliochimbwa na cheni, na ukipitisha ukucha, unanasa ukingoni. Bati lililopinda hunyooshwa kwa koleo. Lililochimbika halina dawa.

Ikishathibitika kuwa imekufa, usiitupe bado. Isafishe, utafute maandishi yaliyochapwa upande wa ndani wa mkono wake. Shimano huandika FD-M na kufuatisha tarakimu: FD maana yake direila ya mbele, na M ni familia ya milimani. Kwa namba hiyo utapata kwenye nyaraka za mtengenezaji karibu kila unachohitaji kujua, na njia fupi kuliko zote ni kununua ileile au ndugu yake wa karibu. Ila baiskeli iliyopita mikononi mwa wengine huenda imefungwa direila isiyo yake tangu zamani, na iliyopo ikawa ndiyo chanzo cha matatizo. Kwa hiyo mimi sipendi kuitegemea namba peke yake. Pima.

Direila nyingi hufungwa kwa kibano kinachozunguka bomba la kiti, na vibano hivyo huja katika saizi tatu: milimita 28.6, 31.8 na 34.9. Ukiwa na kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, kazi ni ya dakika moja. Usipokuwa nayo, zungushia bomba ukanda wa karatasi pale kibano kinapokaa, weka alama unapokutana, kisha upime urefu wake kwa rula. Karibu milimita 90 ni bomba la 28.6, karibu 100 ni la 31.8, na karibu 110 ni la 34.9. Saizi hizi zimeachana vya kutosha hata rula ya mwanafunzi isikudanganye. Direila nyingi za kibano cha 34.9 huuzwa pamoja na vipande vyembamba vya kujazia ili zikae pia kwenye mabomba membamba, na nikiwa na shaka ndizo ninazoziangalia kwanza. Kinyume chake hakiwezekani: kibano kidogo hakipanuliwi.

Kipenyo pekee hakitoshi. Kuna direila ambazo kibano chake kinakaa juu ya mabati, na nyingine ambazo kinakaa chini zaidi, karibu na ekseli ya pedeli, yaani ile inayobeba kranki chini ya fremu. Kwenye fremu ngumu ya bomba lililonyooka, zote mbili aghalabu zinaingia. Kwenye baiskeli yenye springi nyuma, hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu pale ambapo kibano kingekaa pana kiungo cha fremu, au bomba limepinda, au tairi linapita karibu mno. Hata bolti za kishikilia chupa huweza kukaa mahali pabaya. Fremu nyingine hazitumii kibano kabisa: zina mashimo yaliyotobolewa kwenye fremu yenyewe ya kufungia direila moja kwa moja, au bati linalobanwa pale ekseli ya pedeli inapoingia. Fremu ya namna hiyo hupokea direila ya aina yake tu, na sishauri kujaribu kuilazimisha nyingine.

Baada ya hapo, fuata waya kwa macho kutoka kwenye usukani. Ukipita bomba la juu na kushuka nyuma ya kiti, unahitaji direila inayovutwa kutoka juu. Ukipita chini ya ekseli ya pedeli na kupanda, unahitaji inayovutwa kutoka chini. Nyingi za Shimano hukubali zote mbili, lakini usikisie. Ipo pia aina ya tatu ambayo Shimano waliileta katikati ya miaka ya 2010, ambayo waya unaiingia kutokea mbele na mikono yake inasogea kwa upande. Ni nzuri, ni laini kuivuta na inaacha nafasi kwa tairi pana, ila fremu lazima iwe na njia ya kuufikisha waya pale. Nimeona watu wakiinunua kwa sababu imesifiwa, wakagundua baadaye kwamba waya wao unatoka upande usio wake.

Sasa kranki, na hapa naomba uvumilivu wako maana ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Hesabu meno. Kranki ya gia tatu huwa na mpangilio kama 48/38/28, 44/32/22, 42/32/22 au 40/30/22. Kranki ya gia mbili huwa kama 38/26 au 36/22. Direila hutengenezwa kwa mpangilio maalumu, wala si suala la jina tu: mkunjo wa bati la nje umefuata duara la gia kubwa iliyokusudiwa. Ukichukua direila ya meno 48 ukaiweka juu ya gia ya meno 42, upande wa mbele utakaa vizuri huku mkia ukiwa mbali na meno, na cheni inapopanda haina kinachoiongoza mwishoni. Itachelewa, au itaruka na kuangukia nje. Ukifanya kinyume, yaani direila ya gia ndogo juu ya gia kubwa, mkunjo haulingani na mabati huishia kugusa meno.

Kuna pia tofauti ya jumla kati ya gia kubwa na ndogo. Kwenye 44/32/22 ni meno 22, na direila lazima iwe na uwezo huo, la sivyo ukishuka gia ndogo cheni itaburuzika kwenye kipande cha chini kinachounganisha mabati mawili. Na kwa kranki ya gia tatu angalia tofauti ya kubwa na ya kati, maana bati la ndani limeshuka chini sana na linahitaji nafasi ya kupita juu ya gia ya kati. Direila iliyoandikiwa tofauti ya meno 12 ikikutana na kranki yenye tofauti ya 10, bati hilo linaweza kusugua gia ya kati. Kwa sababu hiyohiyo siafiki ushauri wa kuweka direila ya gia mbili kwenye kranki ya tatu, au ya tatu kwenye kranki ya mbili, eti "itafanya kazi tu". Itahama, ndiyo, lakini kila mlima utakukumbusha.

Shifta ina sheria moja ambayo haibembelezwi: direila ya Shimano ya baiskeli za barabarani haifuati shifta za milimani. Kiasi cha waya kinachovutwa kwa kila mlio si kilekile, kwa hiyo utapata gia mbili kati ya tatu na ya tatu haitakaa. Mwenye shifta za zamani zisizo na milio, zile za kusukuma mpaka unaposikia cheni imetulia, yuko huru kuliko sisi wote. Yeye huweka karibu direila yoyote. Kuhusu upana wa cheni, mifumo ya gia 7, 8 na 9 nyuma inaelewana vizuri kwa direila za gia tatu. Ukifika 10 na kuendelea, cheni ni nyembamba na mabati yamekaribiana, basi chagua direila ya kizazi chako.

Umbali wa kranki kutoka katikati ya fremu nao una namba zake: milimita 47.5 au 50 kwa gia tatu, 48.8 kwa gia mbili nyingi, na 51.8 kwa fremu za Boost, zile zenye nafasi pana zaidi ya gurudumu la nyuma, ambazo gia za kranki zake zimesogezwa nje. Ukibaki na kranki iliyokuja na baiskeli hutasumbuka na hili.

Sasa tunaweza kurudi kwenye ipi nzuri. Ngazi za Shimano za milimani zilizozoeleka kutoka chini ni Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore, SLX, XT na XTR. Ninachoamini ni kwamba kwenye direila ya mbele faida ya kupanda ngazi huisha mapema kuliko mahali pengine popote kwenye baiskeli. Hii ni sehemu isiyozunguka, isiyobeba uzito wako, na yenye vituo viwili au vitatu tu. Deore iliyolingana vizuri inahama kwa uhakika mwaka hadi mwaka. Fedha iliyobaki ipeleke kwenye cheni mpya na gia za kranki zisizolika, kwa sababu gia kubwa huwa na vipandio vidogo ubavuni vya kuinua cheni, na vikisagika hakuna direila itakayofidia.

Utakaposema direila ya mbele imekufa, kuna mtu atakuambia uiondoe kabisa, ubaki na gia moja mbele. Mfumo huo ulipata nguvu tangu SRAM walipotoa XX1 mwaka 2012, na siubezi: vitu vya kuharibika kwenye tope vinapungua, na cheni haianguki ovyo. Kwa anayenunua baiskeli mpya ni chaguo zuri, na fremu nyingi za leo hazina hata mahali pa kufungia direila ya mbele. Lakini kama jibu la direila moja iliyovunjika, ni ushauri unaomfilisi mtu. Utahitaji gia ya mbele yenye meno ya kushika cheni, kaseti pana (fungu la gia za nyuma), pengine direila ya nyuma na shifta yake, na huenda hata habu, kitovu cha gurudumu, inayoipokea kaseti hiyo. Na mwishowe upana wa gia unapungua. Kranki ya 44/32/22 yenye kaseti ya 11-34 inakupa takriban asilimia 618 kutoka gia nyepesi hadi nzito. Kaseti ya 10-50 yenye gia moja mbele inakupa 500. Anayepanda milima mirefu akiwa na mzigo anaijua tofauti hiyo magotini.

Direila iliyotumika mimi naiona ni ununuzi mzuri, mradi umeikagua kwa vile vipimo vya mwanzo: mkia usitikisike, bati la ndani lisichimbike, kibano kisiwe na ufa. Nikipata nafasi ya kuchagua huchukua yenye skrubu kwenye mkia wa mabati, kwa sababu unaweza kuifungua na kuipitisha cheni bila kuikata. Zilizopigwa ribiti hukulazimisha kuifungua au kuikata cheni.

Wakati wa kufunga, bati la nje liwe sambamba na gia kubwa, na lipite juu ya meno yake kwa milimita 1 hadi 3. Kibano cha Shimano hukazwa kwa Nm 5 hadi 7 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na kwenye fremu ya kaboni tumia spana yenye kipimo na ufuate kikomo cha aliyetengeneza fremu, usikaze kwa hisia. Rekebisha kwanza skrubu ya kikomo cha ndani, inayozuia direila isisogee mno kuelekea fremu, ukiwa kwenye gia ndogo mbele na kubwa kabisa nyuma, waya ukiwa bado haujafungwa, mpaka bati la ndani likaribie cheni kwa nusu milimita bila kuigusa. Ukishafunga waya ndipo uende kwenye kikomo cha nje. Waya wenyewe na ganda lake nunua vipya siku hiyohiyo.