Chagua Mwezi Kwanza, Kamera Itafuata

Masika yakishafunga barabara ya Jangwani, ndipo wenye likizo ya mwezi wa saba wanapoanza kunitumia picha za kamera kwenye WhatsApp. "Kaka, hii vipi? Nimeambiwa iko vizuri." Nikiuliza safari ni ya wapi, jibu huja nusunusu: Ulaya, Norway labda, kule kwenye milima inayoingia baharini. Pa kulala bado, tarehe bado, ila kamera imeshachaguliwa na muuzaji ameshaombwa asiiuze.

Kwenye hili mimi ni mbishi. Mahali na mwezi ndivyo vinavyoamua ubebe nini. Na pesa nyingi zinazoishia kwenye lenzi ya pili na ya tatu zingefanya kazi nzuri zaidi kama zingelipia siku za kulala pale pale panapotakiwa kupigwa picha. Milima haifuati ratiba yako. Jumanne unafika, mawingu yameshuka mpaka usawa wa paa. Jumatano mvua. Alhamisi jioni pazia linafunguka kwa saa moja, basi. Aliyepo Alhamisi ndiye anayeondoka na picha, hata kama ameshika simu tu.

Tuichukue Norway hiyo hiyo, maana ndiyo inayoulizwa sana.

Sisi wa Dar jua letu lina haraka. Mwaka mzima linazama kati ya kama saa 12 na dakika 10 na saa 1 kasoro dakika 10 jioni, tofauti haifiki hata saa moja, linashuka karibu wima, na nusu saa baadaye ni giza. Anayepiga picha jioni pale Coco Beach anajua shida yake: ukienda kuongezewa pilipili kwenye mihogo, ukirudi ule mwanga wa dhahabu umeshakwisha. Ukipeleka mazoea hayo kaskazini mwa Norway utapotea. Tromsø, kuanzia karibu tarehe 20 Mei mpaka karibu 22 Julai, jua halizami kabisa. Visiwa vya Lofoten, vilivyo kusini kidogo ya hapo, navyo hupata wiki kadhaa za namna hiyo. Jua linashuka, linakaribia upeo wa macho, halafu badala ya kuzama linaanza kutembea pembeni. Mwanga ule tunaougombania huku kwa dakika chache, kule unakaa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku.

Maana yake ni kwamba mchana ulale. Sitanii. Watu wanakwenda Lofoten mwezi wa sita, wanaamka saa 1 asubuhi kama wanawahi kazini Posta, wanapiga picha mchana kutwa na jua likiwa juu, milima imepauka, halafu saa 4 usiku wanafunga mapazia wanalala. Wanarudi Dar wanailaumu kamera.

Kuna jambo jingine la jua ambalo wenye ramani za mapambo hawalisemi. Usiku wa manane kule jua liko kaskazini. Kwa hiyo fukwe zinazotazama bahari upande huo, kama Eggum na Uttakleiv, ndizo watu wanakokwenda kulingoja. Reine, kale kakijiji ka Lofoten kenye nyumba nyekundu za wavuvi unakokaona kila mahali, kamezungukwa na milima, hivyo saa hizo hizo unaweza kukuta kamekaa kivulini. Hilo unalijua ukiwa nyumbani Tabata na ramani ya simu, bila kununua kitu chochote.

Sasa vivutio vyenyewe. Preikestolen, kusini mwa Norway, naipenda: jiwe bapa lililokaa mita 604 juu ya mkono wa bahari wa Lysefjorden, njia yake kwenda na kurudi ni kama kilomita 8, na mtu mwenye afya ya kawaida anaimudu. Trolltunga naomba uiache. Ule ulimi wa mwamba uko takriban mita 700 juu ya ziwa la Ringedalsvatnet, matembezi yake yanakula siku nzima, na ukifika juu, kwa miezi ya kiangazi, unapanga foleni ili usimame pale pale alipotoka kusimama mwenzako, upigwe picha ile ile. Mwenye kutaka mazoezi aende. Mwenye kutaka picha yake mwenyewe, siku hiyo ataitumia vizuri zaidi kwingine. Juu ya Reine kuna Reinebringen, zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, na ngazi zake za mawe zilijengwa na Washerpa kutoka Nepal. Wapagazi wetu wa Kilimanjaro wangeweza kufungua kampuni kule.

Ratiba ya miji kumi kwa siku kumi siikubali. Treni ya Oslo kwenda Bergen peke yake ni kama saa 7, na ukitoka bandari ya Bodø kwa feri mpaka Moskenes, kule Lofoten, ni saa nyingine 3 au zaidi. Chagua kambi mbili, ukae. Na kwa kuwa maombi ya viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, Norway ikiwemo, yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na wanataka kuona utalala wapi, hata karatasi zenyewe zinakulazimisha kupanga mahali kabla ya kuhangaika na kamera.

Ukishajua unakwenda Lofoten katikati ya Julai, begi linajipanga lenyewe. Usiku una mwanga, kwa hiyo ile miale ya kijani ya angani, aurora, hutaiona; hiyo ni ya Septemba hadi Machi, anga likiwa na giza. Lenzi ya f/1.4 iliyonunuliwa kwa ajili yake haina kazi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingizia mwanga ni kubwa). Tripodi nzito, ile stendi ya miguu mitatu, haina kazi sana. Ndogo inatosha, kama unataka maji ya maporomoko yatoke laini. Mandhari mengi utayapiga kwa f/8 au f/11, kwa hiyo lenzi ya f/2.8 inayokula akiba yako ya miezi unailipia uwazi ambao hutaufungua. Lenzi moja ya milimita 24–105 ya f/4 kwa kamera ya fulfremu, yaani yenye sensa kubwa ya kunasa picha, au 18–135 kwa zile za sensa ndogo, inamaliza karibu kila kitu; milimita chache zinaona pana, nyingi zinavuta karibu.

Hapo ndipo ninapogombana na wauzaji wa Kariakoo. Ukisema tu mlima, pale Mtaa wa Aggrey utaletewa lenzi pana kuliko zote dukani. "Bosi, chukua hii 14, mlima wote unaingia." Ni kweli unaingia, tena unaingia ukiwa kichuguu. Lenzi pana inakuza kilicho miguuni pako na kusukuma mbali kilicho mbali. Mawe ya ufukweni yanajaa fremu na ule ukuta wa mlima uliosafiri bara zima kuufuata unabaki kamstari nyuma. Ukivuta mpaka 70 au 100, nyumba nyekundu zinakaa mbele na mlima unasimama nyuma yake kwa ukubwa wake. Kama una pesa ya lenzi ya pili na huwezi kutulia mpaka uitumie, basi iwe 70–200 nyepesi.

Ukinunua iliyotumika, na sioni ubaya wowote, ikague hivi. Vua vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu, ielekeze kwa nyuma, uchungulie kwa mbele ukiiinamisha kidogo kidogo. Vumbi dogo si hoja, kila lenzi inalo. Unachotafuta ni nyuzi nyeupe nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Hiyo ni fangasi, na unyevunyevu wa Dar ndio unaoilea, hasa kwa vifaa vilivyofungiwa kabatini kwenye nyumba za karibu na bahari. Utaambiwa, "Hiyo ni alama ya kidole tu, bosi, inafutika." Mwambie aifute.

Yako nayo ukirudi usiifungie kabatini. Chukua chombo cha plastiki cha chakula kinachobana vizuri, kitupie vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, weka kamera humo.

Uzito haujadiliki sana. Mashirika mengi yanaruhusu mzigo wa mkononi wa kati ya kilo 7 na 12, na kamera haiendi chini kwenye buti la ndege. Betri za akiba vilevile: sheria ni ziwe kwenye mzigo wa mkononi. Pawabanki ya 20,000 mAh ni kama Wh 74 (Wh ni wati-saa, kipimo cha umeme uliomo), unapita nayo. Ya 30,000 inavuka Wh 100 na hapo unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Plagi zao ni za pini mbili za duara, zetu za pini tatu bapa hazichomeki, kwa hiyo adapta inunue hapa hapa. Risiti ya kamera ipige picha ukae nayo kwenye simu, ukiulizwa uwanjani wakati wa kurudi uwe na la kuonyesha.

Droni iache nyumbani. Najua imekugharimu. Norway inafuata kanuni za Ulaya: droni yenye kamera lazima mmiliki wake ajisajili, mwisho wa kupaa ni mita 120, na kuna hifadhi ambako hairuhusiwi kabisa. Hapa kwetu nako hurushi bila kibali. Kwa siku chache ulizo nazo kule, hizo karatasi na hofu ya upepo wa pwani havilipi.

Mvua ndiyo ubebe dawa yake. Bergen ni mji wa mvua, na wenyeji hawaombi radhi kwa hilo. Mfuko mwepesi wa plastiki, mpira mmoja wa kubania, na vitambaa vitatu vinne laini vya kufutia kioo vinafanya kazi kuliko koti la kamera la bei mbaya. Ukungu wa kioo tunaujua wenyewe: toa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi asubuhi, toka nayo nje Mikocheni, uone inavyolia. Kule inatokea kinyume, ukiingia ndani kwenye joto ukitoka kwenye baridi. Ifunge ndani ya mfuko kabla hujafungua mlango, uiache humo mpaka ipate joto la chumba.

Ukibadilisha mwezi, ukasema unakwenda Februari, karibu kila nilichosema hapo juu kinageuka. Sasa tripodi iwe imara. Sasa ile lenzi pana yenye f/2.8 au chini ya hapo ina kazi, kwa sababu miale ya kijani inataka sekunde kadhaa za mwanga na anga pana. Betri zitaisha haraka kwa baridi, kwa hiyo za akiba ziwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mchana ni mfupi, jua liko chini muda wote, na huhitaji kugeuza saa zako za kulala sana. Hata pesa inabadilisha njia: badala ya kwenda Aggrey, nenda Karume kwenye mitumba. Dar jaketi zito la theluji halina mteja, hasa Desemba watu wakitokwa jasho mpaka kwenye kope, kwa hiyo bei yake huwa inaongeleka vizuri. Glovu zitafute hapo hapo, zile nyembamba zinazokuwezesha kubonyeza vitufe, halafu nyingine nene za kuvaa juu yake. Jaketi likaguliwe zipu kabla hujalipa.