Ukienda Japani, Uliza Maji Kwanza

Mtu anayeomba viza ya kutembelea Japani akiwa Dar es Salaam au Nairobi hutakiwa kuwasilisha, pamoja na nyaraka nyingine, ratiba inayoonyesha siku kwa siku atakuwa wapi na atalala wapi. Sharti hilo lina sababu zake na silipingi. Hata hivyo, naamini ndilo linalowapotosha wasafiri wengi wa kwetu, kwa kuwa ili kuijaza ile fomu hukusanya majina yaliyozoeleka, yaani Tokyo, Mlima Fuji, Kyoto, Nara, Osaka na Hiroshima, wakayatunga kama shanga katika siku saba au nane, na karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya ofisa wa ubalozi ikawa ndiyo safari yenyewe. Nami nilifanya hivyo mara ya kwanza. Leo nina maoni kwamba kuchagua mahali ni kazi nyepesi inayoweza kusubiri, na kwamba jioni zile za kukaa na kalamu mezani zitumike kwanza kujua kila mahali pana saa yake ipi.

Nilijifunza jambo hili kisiwani Miyajima, karibu na Hiroshima, na kwa namna ya aibu. Mbele ya hekalu la Kishinto la Itsukushima, ndani ya bahari, kuna lango jekundu la mbao lenye kimo cha mita 16 hivi, ambalo lililopo sasa lilijengwa mwaka 1875 na halikuchimbiwa chini, bali limesimama kwa uzito wake lenyewe. Kila picha niliyowahi kuiona ililionyesha likielea juu ya maji. Nilivuka kwa kivuko, safari ya dakika 10 tu, nikafika saa 9 alasiri na kulikuta lango limesimama juu ya matope, huku watu wakiizunguka miguu yake wakiwa na viatu vyao. Bahari ilikuwa imekupwa, tena siku ya bamvua, ambapo maji hupwa sana. Niliporudi nyumbani Pangani nilimsimulia mjomba wangu, ambaye amevua samaki tangu ujana wake, naye hakucheka, aliniuliza tu, "Sasa mjomba, ulikwendaje baharini bila kuuliza maji?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ya Miyajima hutangazwa mapema, na mtoto yeyote wa pwani angeweza kulisoma. Anayetaka kuliona lango likielea achague saa ya maji kujaa, na anayetaka kuligusa achague saa ya maji kupwa. Siku za maji mafu huenda asipate lolote kati ya hayo mawili kwa ukamilifu, maana bahari haipandi sana wala haishuki sana. Ratiba yangu ya viza ilikuwa imeandika "Miyajima, siku ya sita" bila neno lolote kuhusu mwezi wa angani, ambao ndio unaoyaongoza maji.

Baada ya maji, jua. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea kwamba saa 12 ni saa 12, asubuhi na jioni, mwaka mzima, na saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya uaminifu huo. Tokyo haina uaminifu wa namna hiyo. Mwezi Juni jua huchomoza karibu saa 10:30 alfajiri, na mwezi Desemba huzama karibu saa 10:30 jioni, kwa hiyo msafiri wa Desemba anayetoka hotelini saa 4 asubuhi amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya siku yake. Mwislamu atahisi tofauti hii zaidi, kwa kuwa katika Juni wakati wa swala ya alfajiri huingia karibu saa 9 usiku. (Akipita Kobe, umbali wa nusu saa hivi kwa treni kutoka Osaka, asiache kuuona msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza nchini humo.)

Kyoto ndiko hesabu ya saa inakolipa zaidi, na ndiko nisikokubaliana kabisa na wale wanaopangia mji huo siku moja. Mahekalu mengi hufungwa saa 11 jioni au hata kabla yake, na wageni wengi hufika baada ya kifungua kinywa, hivyo wote hukutana katika saa zile zile sita au saba. Lakini si kila mahali panapofungwa. Hekalu la Fushimi Inari, lenye maelfu ya malango mekundu yanayopanda mlima, liko wazi usiku na mchana na halina kiingilio, na hekalu la Kiyomizu-dera hufungua saa 12 asubuhi. Kinkaku-ji, lile jumba lililofunikwa kwa dhahabu ambalo liliteketezwa kwa moto mwaka 1950 na kujengwa upya mwaka 1955, hufungua saa 3 asubuhi. Kwa hiyo mimi hupeleka sehemu zisizofungwa kwenye ncha za siku, alfajiri na usiku, na zile zenye mlango na tiketi naziweka katikati. Niliingia Fushimi Inari saa 12 asubuhi nikapanda nusu saa nzima nikikutana na wazee wachache wa mtaani waliokuwa wakifanya mazoezi. Niliposhuka, chini palikuwa pamejaa kama soko siku ya gulio.

Msongamano huo una athari zake kwa wenyeji. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, na mwaka huo huo wakazi wa mtaa wa Gion, Kyoto, waliwazuia watalii kuingia katika vichochoro vyao vya binafsi, wakitangaza faini ya yeni 10,000. Sioni ukali wowote katika hatua hiyo. Nani kati yetu angevumilia wageni kupiga picha mlangoni pake kila jioni? Katika hekalu la Saihō-ji, kwa upande mwingine, huingii bila kuomba nafasi mapema, na sehemu za namna hiyo ndizo zinazopaswa kuingia katika ratiba kabla ya nyingine zote, kwa sababu hazitakusubiri.

Kalenda nayo ina mitego. Wiki ya sikukuu kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, siku za Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, katikati ya Agosti, na siku za mwaka mpya, Wajapani wenyewe husafiri, treni hujaa na hoteli hupanda bei. Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo, kama makumbusho mengi nchini humo, hufungwa Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu, mapumziko kwa kawaida huhamia Jumanne. Mlima Fuji hupandwa kuanzia Julai hadi mapema Septemba, ilhali anayetaka kuutazama tu kutoka mbali ana bahati kubwa zaidi asubuhi za majira ya baridi, kwa kuwa majira ya joto mlima huo mara nyingi hujificha mawinguni.

Kuhusu treni nitasema machache. Tiketi ya wageni ya kupanda treni nchini humo kwa siku saba ilipanda bei Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000, wakati kwenda na kurudi kati ya Tokyo na Kyoto ni kama yeni 28,000, lakini bado nasikia watu wakishauriwa kuinunua bila hesabu. Na masanduku yetu yale makubwa, yaliyojaa zawadi za ndugu, yakizidi jumla ya sentimita 160 kwa urefu, upana na kimo, huhitaji kiti maalumu kilichowekwa mapema katika treni ya kasi ya Tokaido, yaani njia ya Tokyo hadi Osaka. Ni afadhali kuyatuma hoteli hadi hoteli kwa kampuni za kusafirisha mizigo, yakafika kesho yake.

Nilirudi Japani mara ya pili nikiwa na miji miwili tu na usiku mmoja wa kulala Miyajima, niliouchagua kwa kuutazama mwezi. Wageni wa kutwa waliondoka na vivuko vya jioni. Saa 4 usiku maji yalikuwa yamejaa na lango limewashiwa taa, na alfajiri, bahari ikiwa imekupwa na bado haijarudi, nilitembea mchangani hadi kwenye nguzo na kuuweka mkono wangu juu ya mbao zenye chaza.