Kirikuu Barabarani: Sheria Inamlinda Nani?

Mvutano uliozuka Marekani kuhusu kuyapa namba za usajili malori madogo ya Kijapani ya daraja la kei, yale ambayo wengi tunayaita kirikuu, ukiutazama kwa haraka huoni hata cha kujadili. Gari halizidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48, injini yake ni ya cc 660, na likiwa tupu linakaribia kilo 700. Miguu ya dereva imeishia nyuma kidogo tu ya bampa. Usukani uko kulia katika nchi inayoendesha kulia, kwa hiyo kulipita gari jingine ni kubahatisha. Likigongana uso kwa uso na pikapu ya tani mbili na zaidi, hakuna asiyejua nani ataumia.

Hiyo ndiyo hoja ya maofisa wa usajili, na si ya kubeza. Sheria ya shirikisho ya 1988 inaruhusu gari lenye miaka 25 au zaidi kuingizwa nchini bila kutimiza viwango vya usalama vya huko, lakini haimlazimishi mtu kulipatia namba. Hilo ni la kila jimbo. Maine na Rhode Island zikafunga mlango. Texas iliufungua 2024. Massachusetts mwaka huohuo ilikataa, wenye magari wakapiga kelele, ikalegeza.

Lakini hatari inayozungumzwa hapa ni ya aliyekaa ndani ya gari. Pikipiki haina hata mlango, na inapewa namba katika kila jimbo. Gari la miaka ya 1920, lisilo na mkanda wala kioo salama, linapewa namba ya magari ya kale. Sheria imekwisha kukubali kwamba mtu mzima anaweza kuchagua hatari yake mwenyewe. Kwa nini ruhusa hiyo ikome kwa mkulima anayebeba majani ya ng'ombe kwa kirikuu?

Na aliye nje ya gari je? Mwaka 2023 taasisi ya IIHS, inayogharamiwa na kampuni za bima, ilichambua karibu ajali 18,000 zilizohusisha watembea kwa miguu. Magari yenye boneti inayozidi inchi 40, yaani kama mita moja, yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuua, kwa takriban asilimia 45, kuliko yenye boneti ya inchi 30 au chini iliyolala kwa mteremko. Mita moja ni kifua cha mtu mfupi. Ni kichwa cha mtoto wa miaka minne. Boneti ya chini humpiga mtu miguuni, akaangukia juu ya gari. Ya juu humpiga kiwiliwili na kumtupa mbele, magurudumu yanakokwenda. Watembea kwa miguu waliouawa Marekani walikuwa takriban 4,100 mwaka 2009. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Pikapu si sababu pekee, maana giza, mwendo na simu navyo vimo, lakini sijasikia ofisi ya usajili iliyoinyima pikapu namba kwa kimo cha boneti yake.

Haki itendeke: kirikuu nayo ina uso bapa kama ukuta, na utafiti huohuo uliona kwamba uso wa namna hiyo huongeza hatari hata boneti ikiwa ya kimo cha wastani. Kwa mwendo uleule, uzito wake mdogo hautamwokoa sana aliyegongwa. Inachoizidi pikapu ni kuona. Dereva ameketi mbele kabisa, na mtoto aliyesimama karibu na bampa yuko machoni pake. Kwenye pikapu kubwa, mtoto huyohuyo amefichwa na boneti.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Wanasema kirikuu hizi ni za zamani, nyingi hazina mifuko ya hewa. Kweli. Lakini ni sheria yenyewe iliyozichagua: iliyotengenezwa juzi, yenye vifaa bora, haiingii, ya miaka 25 inaingia.

Kuzizuia kwenye barabara za mwendo kasi ningekuunga mkono bila kusita. Japani yenyewe iliyawekea magari ya kei kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwenye barabara zake kuu hadi 2000. Kulinyima namba gari litakalozunguka mitaani na mashambani ni jambo jingine kabisa.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipendekeza Septemba 2024 kanuni ya kwanza ya kumlinda anayegongwa kichwa na boneti, na kukadiria ingeokoa maisha 67 kwa mwaka. Pendekezo hilo linapima boneti inavyompokea mtu kichwa kinapoigonga. Kimo chake halikukiwekea kikomo.