Jina la mahali likae kinywani mwa wenyeji

Ukifungua ramani ya Ayalandi utakutana na Kilmore zaidi ya moja. Kwa tahajia hiyo peke yake hutajua kama mahali hapo palipewa jina kwa ajili ya kanisa kubwa au msitu mkubwa. Kwa Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, cill ni kanisa na coill ni msitu, na yote mawili yaliandikwa Kil na watu walioandika kwa sikio la Kiingereza. Ila mzee wa hapo akilitamka kwa lugha yake, shaka inaondoka papo hapo.

Kwa hiyo nashikilia jambo moja: anayekusanya majina ya kale kwa ajili ya ramani aanze na matamshi ya wenyeji. Maana ya jina wataalamu wanaweza kuitafuta hata baada ya miaka 100. Sauti ikishazikwa na mzee, imezikwa.

Katika kazi hii hakuna ninayemheshimu kama John O'Donovan, mtoto wa mkulima wa Kilkenny. Wanajeshi wa Uingereza walianza kuipima Ayalandi mwaka 1824, na shabaha kubwa ilikuwa kodi ya ardhi. Kila kitongoji, na vipo zaidi ya 60,000, kilipaswa kuwa na mipaka na jina. Tahajia zikaokotwa kwa mabwanashamba, kwa mapadri, kwenye vitabu vya kodi, kila mmoja na yake. O'Donovan aliajiriwa mwaka 1830 kuchambua rundo lile. Alizunguka wilaya baada ya wilaya akiwatafuta wazee wa Kigaeli, akiwaomba watamke huku yeye anasikiliza. Kisha katika daftari akapanga tahajia zilizopatikana, jina la Kigaeli, maana yake, na tahajia ya Kiingereza ya kuchapwa.

Ramani zilikamilika mwaka 1846, njaa ya viazi ikiwa imekwisha kubisha hodi. Watu wapatao milioni moja walikufa, wengine kama milioni moja wakahama, na magharibi walikokuwa wasemaji wengi wa Kigaeli ndiko kulikoumia zaidi. Angechelewa miaka kumi angekuta mahame. Nikikumbuka hilo huona uharaka wa kazi hii.

Hata hivyo, kilichochapwa ni tahajia ya Kiingereza peke yake. Maana zilibaki madaftarini, na watu wakazoea kuita kwao kwa neno lisilo na maana katika Kigaeli wala Kiingereza. Sisi tunalijua jeraha hilo: Wamasai walisema Nai'posha, maji yanayochafuka, sikio la mgeni likapata Naivasha, na ramani ikaidhinisha.

Kurudisha jina nako kunataka wenyeji. Mwaka 2005 amri ya serikali ya Ayalandi iliondoa jina la Kiingereza la mji wa Dingle kwenye vibao, likabaki la Kigaeli, An Daingean. Mwaka 2006 wakazi walipiga kura wakataka majina mawili, Dingle na Daingean Uí Chúis, na sheria ikawakubalia mwaka 2011. Niko upande wao. Kigaeli nakipenda, lakini jina lililoletwa kutoka ofisini bila kuwauliza wanaoliita ni kosa lilelile la wapimaji.

Afadhali njia ya Tim Robinson, Mwingereza aliyehamia visiwa vya Aran mwaka 1972. Alitembea Aran, kisha Connemara, eneo la magharibi mwa Ayalandi, akiuliza jina la kila hori na kila mwamba, na akayaandika kwa Kigaeli kwenye ramani zake.

Huko Connemara kuna kijiji ambacho ramani za Kiingereza hukiita Muckanaghederdauhaulia, herufi 22 ambazo wageni hupiga nazo picha. Kwa Kigaeli ni Muiceanach idir Dhá Sháile. Muc, iliyomo ndani ya Muiceanach, ni nguruwe, idir ni kati ya, dhá ni mbili, sáile ni maji chumvi. Simama pale utazame: bahari imeingia nchi kavu huku na huku, na kijiji kiko katikati.