Mwimbaji Naye Aingie Kwenye Bajeti ya Harusi

Nimechoka kusikia watu wakimwambia rafiki yangu kwamba ana sauti nzuri. Anajua. Kaambiwa tangu yuko kwaya ya watoto, na walimu wenzake shuleni, na mashangazi wa kila ukoo aliowahi kuwaimbia. Kinachoniudhi ni kile kinachofuata baada ya sifa: "Basi na kwenye sendofu ya mdogo wangu utatuimbia, eh?" Bure. Nauli juu yake, gauni juu yake, na akichelewa analaumiwa.

Tunadhani tunamtia moyo. Kwa kweli tunamzoesha kuona aibu. Mtu akishaimba bure miaka na miaka, siku atakayotaja bei ataambiwa kabadilika, kaanza maringo. Ndiyo maana hataji.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani hatukulelewa hivyo. Kwenye taarabu, ubeti ukikuingia unainuka, unajongea jukwaani taratibu huku unacheza, unamtunza mwimbaji kwa noti mbele ya watu wote. Mtoaji haoni haya, wala mpokeaji. (Najua wengine hutunza ili kumrushia kijembe jirani aliyekaa meza ya pili. Haidhuru, noti ni noti.) Sijui ni lini tuliamua kwamba wa kutunzwa ni yule wa jukwaani tu, na huyu wa kwetu anatosha kupigiwa vigelegele.

Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alitoka Fumba, binti wa wafinyanzi, akitembeza vyungu kabla ya kuingia mjini Unguja na kujifunza kuimba na vyombo. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri kwa Kiswahili. Mjini walimtungia kejeli: katoka shamba na kaniki, kama si sauti angekula nini? Mimi kejeli ile huisikia kama ushahidi. Hata waliomdharau walikuwa wanakiri kwamba sauti ile ilikuwa inamlisha.

Mama yake rafiki yangu anasema muziki ni uhuni. Hofu yake siibezi, maana kumbi za usiku nazijua, na wanaume wanaojiita mameneja nawajua pia. Ila mama huyohuyo ujana wake kaucheza kwa Msondo, na Msondo Ngoma asili yake ni NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wanaolipwa mshahara. Majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Kwa hiyo kuimba kama kazi, yenye saa za kuingia na siku ya malipo, si jambo tulilojifunza juzi kwenye televisheni.

Kwa hiyo shoga yangu, na najua utasoma hapa: usiache kufundisha. Wanaokuambia uache kazi "ufuate ndoto" si wao watakaolipa kodi ya nyumba yako. Una Ijumaa jioni, una Jumamosi, una likizo ndefu za shule. Tafuta mpiga kinanda mmoja asiye mlevi, mfanye mazoezi mpaka mjuane.

Na hapo nina neno ambalo hao wanaokusifu hawatakuambia. Wewe huanza wimbo popote koo linapokutuma, mpiga kinanda akabaki anakufukuzia. Ukianzia juu, ubeti wa tatu unakukuta huna pa kupandia, unakaza shingo, sauti inakatika. Watu wanapiga makofi kwa sababu wanakupenda. Mgeni aliyelipia meza hakupendi bado. Ujue kila wimbo wako unaanzia noti gani ya kinanda, uandike. Pumzi nayo hufundishwa. Kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa, pale Bagamoyo, na ng'ambo Unguja kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanza mwaka 2002 na kufundisha hasa hiyo taarabu unayoipenda. Likizo moja tu ukiwa chini ya mwalimu mkali itakufaa kuliko sifa zetu zote.

Zile nyimbo zako za kwenye daftari, usizipeleke studio kwa maneno ya "njoo turekodi, tutaelewana baadaye". Baadaye hakuna maelewano, kuna kununiana. Kabla hujafungua mdomo iandikwe nani katunga maneno, nani katunga sauti, rekodi ni ya nani, na pesa za YouTube na za miito ya simu zitagawanywaje. Kisha kazi ukaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wewe mwenyewe ukajisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii. Foleni na makaratasi vinachosha, nenda hivyohivyo.

Upande wetu marafiki, mimi nimeshaanza ugomvi. Kwenye kamati ya harusi niliyomo sasa tuna fungu la ukumbi, la mpambaji, la mshereheshaji, la keki ambayo nusu yake itabaki, na hata la gari la kumbeba mpiga picha. Nimeomba mstari mmoja uongezwe, wa mwimbaji, na malipo ya awali yatoke mapema kama ya mpishi. Mweka hazina kaniuliza kwani si rafiki yetu? Nikamwambia mpishi ni shangazi wa bwana harusi, na tunamlipa.