Nilivyoanua leso za watu kwa droni

Kwanza kabisa, sikulia. Macho yalitoa maji kwa sababu ile miwani ya kurushia droni inabana pua, na sponji yake imekula vumbi la Kiamunyi, hapa Nakuru, miezi minne mfululizo. Aliyewaambia nililia ni rafiki yangu ambaye hapa nitamwita Spota. Wengi wenu mnamjua. Mkimwona, mkumbusheni ile mia tatu yangu.

Pili, sikumvua mama wa watu leso. Hivyo ndivyo Spota alivyoandika kwenye grupu alipowarushia kile kipande cha video ya droni yangu, na kabla jua halijatua binamu yangu wa Eldoret alikuwa ameshanipigia kuuliza niko kituo gani cha polisi aniletee chai. Leso haikuwa mwilini mwa mtu. Ilikuwa kwenye kamba. Mimi niliianua. Hayo ni mambo mawili tofauti hata mbele ya hakimu.

Haya, sasa niwape yenyewe kabla haijaongezwa chumvi nyingine.

Kwa wale wageni hapa: hizi zangu si zile droni za harusi. Ya harusi ukiachia vijiti inasimama hewani, imetulia kama mgeni anayengojea chai. Yangu ukiachia vijiti inabaki imelala upande ule ule ulioilaza, na inaendelea na safari mpaka ikutane na kitu. Unavaa miwani, unaona kile kamera inaona, na huoni kingine chochote duniani. Ng'ombe akija kukulamba shati utamjua kwa ulimi. Ndiyo maana lazima uwe na mtu wa kukuangalilia: kama kuna watoto, kama kuna ndege, kama betri yako inalia na wewe unajifanya husikii. Kazi ya Spota ndiyo hiyo. Hana nyingine.

(Na karatasi za KCAA, wale wakubwa wa usafiri wa anga Kenya, ziko sawa, msianze. Nimezisoma zile kanuni zao za droni za 2020 na sijaona mahali zinapotaja leso.)

Tangu Januari nimekuwa nikifanya mazoezi kama mtoto wa shule. Wiki mbili nzima nilikuwa naelea juu ya mtungi wa maji, urefu wa goti, bila kupanda wala kushuka, betri nzima, dakika nne. Hakuna mtu anayeweka video ya zoezi hilo kwa sababu halina maana kwa mtazamaji, lakini ndilo linalofunza kidole gumba. Na hapa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, propela hazina cha kushika. Yule jamaa wa Mombasa anayekwambia "mafuta nusu inatosha" (mafuta ni nguvu ya mota, droni hainywi petroli) anaongea habari za kwao. Baada ya mtungi nikaenda kwenye kuchora nane hewani kuzunguka miti miwili, kushoto halafu kulia. Halafu kuzunguka mlingoti wa goli huku nikiutazama. Halafu ile yenyewe: unapita katikati ya goli, unapanda, unapinduka kichwa chini juu ya mtambaapanya, unashuka, unapita tena katikati. Kama kushona kitufe.

Nilikuwa nimefanikiwa mara kumi na moja. Spota aliwaambia tatu. Kumi na moja.

Kosa langu, na hili nalikubali mapema ili tusisumbuane, lilikuwa la Alhamisi usiku. Kwenye simuleta, ule mchezo wa kompyuta wa kujifunzia kurusha, nilikuwa naruka kama mbayuwayu, kamera imeinuliwa digrii 40, kwa hiyo nikachukua bisibisi nikainua na ile ya kweli, kutoka 20 hadi 35. Wenye droni mmeshika kichwa, nawaona. Kwa wengine: kamera ikiinuliwa hivyo, ukienda kasi droni inainamisha pua na unaona mbele vizuri sana. Ukipunguza kasi, pua inanyanyuka, na unaona mbingu. Mbingu tu, kama mtu anayeomba mvua. Maana yake ili uone unakokwenda lazima ukimbie. Spota alinionya. Andikeni hiyo, ndiyo kazi pekee aliyoifanya wiki hiyo.

Ijumaa asubuhi, shule zimefungwa, kiwanja kitupu, upepo wa Menengai bado umelala. Nyuma ya goli la mbali kuna ua wa kayaba, na nyuma ya kayaba kuna boma la watu. Humo bomani, na hili sikulijua, akina mama wa chama walikuwa wamekusanyika kumenya viazi vya ruracio, sherehe ya mahari, ya kesho yake. Walikuwa pia wamenunua leso za sare, kumi na mbili, mpya, wakazifua kutoa wanga na kuzitundika kwenye kamba moja ndefu kutoka ukingo wa nyumba hadi mti wa parachichi.

Nikavaa miwani. Nikaruka. Mara ya kumi na mbili nikauliza, "Spota, kuko wazi?"

Akajibu, "Mmh."

Wekeni hiyo "mmh" mfukoni, tutaihitaji. Nilisikia tu kwamba inatoka mbali kidogo kuliko nilipomwacha.

Nikapita katikati ya goli. Nikapanda. Nikapinduka, nyasi juu, anga chini, tamu kabisa. Nikakata mafuta, nikaanza kushuka, na hapo pembeni mwa skrini namba za betri zikaanza kumweka: volti 3.4 kwa kila seli, yaani karibu inaisha. Mtu mzima angetua. Mimi nikasema namalizia. Nikapita tena golini, safari hii na kasi ambayo sikuwa nimeiagiza, na kayaba ikawa inakuja.

Nikavuta kijiti nyuma nishike breki.

Pua ikanyanyuka. Digrii 35, wadau. Nikaona mbingu. Anga la bluu, safi, na kunguru mmoja. Sijui niko wapi, sijui niko juu kiasi gani, najua tu kwamba kunguru ananiangalia kwa huruma. Nikainamisha pua nione chini, na chini palikuwa na ncha za miiba ya kayaba zikipita kama sindano za mashine ya cherehani, halafu skrini yote ikawa njano.

Njano. Na zambarau. Na korosho kubwa nyeusi, ile ya kwenye leso, ikija polepole kama uso wa mtu anayetaka kukunong'oneza.

Droni ilikuwa imejipindua, kwa hiyo maandishi yakaja kichwa chini. Nilipata muda wa kuyasoma. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilipata muda. Nikasoma MGENI. Kitambaa kikavutika. Nikasoma NJOO. Kitu kikakatika, twa, na hiyo niliisikia kwa masikio, si kwa miwani, kwa sababu miwani haina sauti. Kamba. Nikasoma MWENYEJI. Dunia ikazunguka mara mbili na nusu. Ilipotulia nilikuwa nimelala chali bomani kwa watu, yaani droni imelala chali, mimi nimesimama mita themanini nyuma, na mbele ya kamera kulikuwa na kuku anatembea kichwa chini na neno APONE likipeperuka kwenye kona.

Mpaka hapo ni ajali. Ajali inasamehewa. Kilichofuata ndicho Spota hakukisema, kwa kuwa hakukijua, na ndicho ningependa nife nacho.

Sikuvua miwani.

Ukiwa ndani ya ile miwani kuna giza na joto, na unajiona kama haupo. Mtoto anayeziba macho yake akidhani amejificha, mimi ndiye huyo, mwenye ndevu. Nikajiambia, hawajaniona, nikiinua hiki kitu haraka kirudi kwangu, hakuna aliyejua ni cha nani. Kwa hiyo nikabonyeza kobe. Kobe ni ile swichi ya kuipindua droni iliyoanguka chali: mota zinazunguka kinyume, inajitupa, inasimama. Ni kitu kizuri sana droni ikiwa kwenye nyasi. Ikiwa ndani ya leso, inakuwa mashine ya kukunja chapati. Nikabonyeza. Leso ikajiviringisha. Nikasikia upande wa pili wa kayaba, "Uuuwi!"

Nikabonyeza tena. Leso ya pili ikaingia, maana zote zilikuwa kwenye kamba ile ile.

Nikabonyeza mara ya tatu. Mara ya tatu, jamani. Na hizo kelele zote nazisikia.

Ndipo akili ikarudi nikazima mota. Ila katika kutafuta swichi nikagusa na ya jirani yake, ile ya kuifanya droni ilie ukiipoteza vichakani. Sasa boma la watu, viazi, leso zimekamatana na kamba kama mateka, na ndani yake kitu kinaita: pii. Pii. Pii.

Mtu akasema, "Ni bomu." Hakupiga kelele, alisema tu, kama anayetaja bei ya vitunguu.

Kwenye skrini kukaanza kuja miguu. Ndara za bluu. Gambuti. Miguu mitupu yenye maganda ya viazi. Kila jozi inakuja, inasimama, inarudi nyuma hatua moja. Halafu nikaona karai linanyanyuliwa, maji ya viazi yanayumba ukingoni, na nikamsikia bibi mmoja akisema kwa utulivu, "Ngoja kwanza. Kina jicho."

Huyo ni Shosho. Shosho hakuogopa. Mikono yake ikaingia kwenye picha, ikaanza kufungua leso zamu kwa zamu kama mtu anayemvua mtoto sweta. Akainua droni mpaka usoni kwake. Skrini yangu yote ikawa jicho moja, kope, na mikunjo. Akaangalia ndani. Nami nikamwangalia. Tulikaa hivyo muda ambao Mungu peke yake anaujua.

"Kinaangalia nani?" akauliza.

Akaanza kuigeuza. Nikaona nyumba. Nikaona mti wa parachichi. Nikaona akina mama kumi na kitu, visu mkononi. Kayaba. Goli. Kiwanja chote kitupu. Na huko mwisho wa kiwanja, mdogo kama kijiti cha kiberiti, jamaa mmoja mwembamba amesimama peke yake, sanduku usoni, mdomo wazi.

Sikumtambua mara moja. Nilimhurumia kwanza.

Halafu nikainua mkono. Yule jamaa naye akainua mkono. Na pembeni mwa picha mkono wa Shosho ukapunga, kunijibu.

"Kijana!" sauti ikavuka kayaba. "Hebu vua hilo sanduku uje hapa."

Mengine ni mafupi. Nilikwenda. Niliomba radhi mpaka maneno yakaisha nikaanza ya Kiingereza. Kumi zilipona, moja ilitolewa nyuzi lakini ikapigwa pasi, moja ilikuwa na tundu tatu kama imeliwa na panya mwenye mpango. Nilimenya viazi nusu gunia, na sina kipaji. Propela tatu zilikwenda, betri ikavimba. Jioni nikapelekwa mjini na mweka hazina wa chama kutafuta leso nyingine kama ile, duka hadi duka, ikawa imeisha. Tulipata moja tu ya rangi ile ile, njano na zambarau, korosho ile ile, ila maandishi yake ni HASIDI HANA SABABU. Kwa hiyo Jumamosi wageni wa ruracio walipokelewa na akina mama kumi na mmoja waliosema karibuni, na mmoja aliyesema hivyo. Shosho ndiye aliyeichagua. Naambiwa alisimama mstari wa mbele.

Kamera nimeirudisha digrii 20. Mtungi nao umerudi kiwanjani, kiwanja kingine, kisicho na kayaba.

Sasa, kuhusu Spota. Miwani inarekodi kila kitu kwenye kadi, na yeye ndiye aliyeichomoa wakati mimi namenya viazi. Kipande alichowarushia kinaanzia kwenye njano na kuishia kwenye jicho la Shosho. Sekunde 28. Hakuwapa mwanzo wake, na sasa mnajua kwa nini nasema mwanzo upo. Nimeuweka wote hapa chini.

Nendeni sekunde ya 19. Droni iko kichwa chini juu ya mtambaapanya, inaangalia nyuma, upande wangu. Pindueni simu zenu. Mimi ni yule wa katikati mwenye sanduku. Sasa tazameni kona ya kulia, pale kwenye mkokoteni wa smoki, zile soseji. Yule mwenye kofia nyekundu, aliyekipa kiwanja chote mgongo, mashavu yamejaa, anaonyesha kwa kidole aongezewe kachumbari, ndiye aliyekuwa ananiangalilia anga. "Mmh" ndiyo hiyo.

Na hizo noti anazozitoa mfukoni, zihesabuni. Ni tatu, za mia mia.