Mwandishi Asome Kwanza, Mazungumzo Yafuate

Saa moja ya mwandishi kwenye tamasha la kimataifa la fasihi siku hizi huenda hivi. Mwongoza mjadala anammwagia mgeni sifa. Yanafuata maswali kuhusu utoto wake, siasa za nchi yake na habari za wiki hiyo, halafu maswali ya hadhira, ambayo mengi ni hotuba zilizobandikwa alama ya kuuliza mwishoni, halafu foleni ya kusainiwa vitabu. Kusoma kwenyewe kunachomekwa popote penye upenyo: "Tusomee japo ukurasa mmoja, muda umetubana." Mgeni wa watu anasoma mbiombio, jicho moja kwenye saa.

Mpangilio huo naona upinduliwe. Mtu amekaa miaka akisuka sentensi. Tukimwita, tumwite kwa ajili ya sentensi hizo. Maoni yake juu ya uchaguzi wa Marekani redio yoyote itampa nafasi ayatoe.

Wapo wanaofanya vizuri. Tamasha la kimataifa la fasihi la Berlin, lililoanzishwa 2001 na hufanyika kila Septemba, lina desturi ninayoipenda: mwandishi anasoma kwa lugha aliyoandikia, kisha mwigizaji anasoma tafsiri ya Kijerumani. Wajerumani wana mazoea ya kulipa kiingilio ili wamsikilize mtu aliyekaa nyuma ya meza yenye glasi ya maji, akisoma tu. Wako wanaolalamika kwamba kusikiliza lugha usiyoijua ni kupoteza muda. Siafikiani nao. Ukishasikia mwandishi anapovuta pumzi, anapoharakisha, anapotabasamu peke yake kabla ya watu kujua kuna nini cha kuchekesha, tafsiri inapokuja tayari unayajua mahadhi yake.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote kwangu ni Medellín, Colombia. Tamasha la ushairi la mji ule lilianza 1991, wakati Medellín ilihesabika miongoni mwa miji yenye mauaji mengi kabisa duniani, mabomu ya wauza dawa za kulevya yakilipuka mitaani na watu wakiogopa kutoka usiku. Kundi la washairi waliokuwa wakitoa jarida liitwalo Prometeo wakaamua kuwaita watu nje, wakae pamoja, wasikilize mashairi. Watu wakaja. Mpaka leo kwenye ukumbi wa wazi ulioko kilima cha Nutibara maelfu hukaa saa nyingi, bila kiingilio, mvua ikinyesha wanafungua miavuli, huku washairi wa mataifa mbalimbali wakisoma kwa lugha zao na tafsiri ya Kihispania ikifuata. Mwaka 2006 tamasha hilo lilipewa tuzo ya Right Livelihood, ile ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Hadhira ile haiji kusikia mshairi anaamka saa ngapi kuandika.

Kama kuna anayedhani kusoma ni pambo tu la mazungumzo, alitazame tamasha la fasihi la Jaipur, India, Januari 2012. Mwandishi Salman Rushdie alikuwa amealikwa, akaghairi kuja baada ya vitisho. Waandishi wanne wakasoma jukwaani sehemu za kitabu chake *The Satanic Verses*, kilichokuwa kimepigwa marufuku kuingizwa India tangu 1988, nao wakalazimika kuondoka mjini. Msimamo wako juu ya kitabu hicho ni wako, sitaki kuugusa. Ninachokiona mimi ni kwamba kitabu hicho kilikuwa kimejadiliwa India miaka yote hiyo bila mjadala wenyewe kumfukuzisha mtu tamashani. Kilichowatia wale wanne matatani ni kufungua kurasa na kuzisoma kwa sauti.

Nitajibiwa kwamba waandishi wengi hawajui kusoma. Kweli kabisa, hasa wa riwaya. Washairi wana afadhali. Kuna wanaomeza maneno na wanaoiongelea meza badala ya watu. Basi wafanye mazoezi. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Charles Dickens, alipozunguka Marekani 1867 na 1868 akisoma mbele ya kumbi zilizojaa, alikuwa na nakala maalumu alizozipunguza mwenyewe, pembeni akijiandikia maelekezo ya namna ya kutoa sauti. Asiyeweza, mwigizaji amsomee.

Sisi wa Kiswahili ndio hatuna kisingizio hata kidogo. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalizunguka Mombasa midomoni mwa watu miongo kadhaa kabla Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor hawajayakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Pamoja na hayo, kwenye matamasha ya miji yetu mikubwa utakuta mijadala ya Kiingereza asubuhi hadi jioni, na malenga kaitwa siku ya ufunguzi, aghani beti tano za kumkaribisha mgeni rasmi, akae. Kaalikwa kama ngoma.

Pendekezo langu kwa waandaaji ni jepesi, na halina gharama kubwa. Siku mkimpata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Nobel ya 2021, igeuzeni desturi ya Berlin. Asome yeye kwa Kiingereza alichoandikia, dakika kumi kamili, kutoka riwaya yake *Paradise*, pale kijana Yusuf anapopandishwa garimoshi na mfanyabiashara Aziz kuelekea pwani. Kisha mwigizaji wa Unguja, mwenye lafudhi ya huko, asome sehemu hiyohiyo kutoka *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Maswali yafuate baadaye. Na mfasiri naye apewe kiti na maikrofoni palepale jukwaani, asiachwe safu ya tatu apungiwe mkono, maana kwa dakika kumi hizo za pili kila neno litakalosikika ukumbini amelichagua yeye.